Pikipiki ya umeme imegoma? Angalia simu kabla ya kumwita fundi

Asubuhi na mapema, mteja anakungoja steji, na pikipiki yako ya umeme haisongi. Taa zinawaka, skrini inaonyesha betri imejaa, lakini ukivuta mafuta (bado tunaita hivyo ingawa mafuta hayapo) ni kimya tu. Wengi hapo humpigia fundi. Sisi tunasema subiri kidogo, toa simu kwanza.

Sababu ni hii: pikipiki nyingi za umeme hapa Kenya hununuliwa kwa mkopo unaolipwa kidogo kidogo kwa simu, na kampuni nyingi zinaweza kuizima pikipiki kutoka mbali malipo yakichelewa. Kwa hivyo pikipiki unayodhani imeharibika inaweza kuwa nzima kabisa, ila malipo yako hayajaonekana.

Fungua ujumbe wa uthibitisho wa malipo ya mwisho. Soma jina la kampuni, kiasi, na nambari ya akaunti. Hiyo ya mwisho ndiyo husumbua sana. Mtu huweka nambari yake ya simu badala ya akaunti aliyopewa, ama anaandika herufi O mahali pa sifuri. Pesa zinafika kwa kampuni, lakini mfumo wao haujui ni za pikipiki gani. Usilipe tena! Watumie nambari ya muamala iliyo kwenye ujumbe pamoja na akaunti sahihi, wazihamishe. Lakini kama jina lililo kwenye ujumbe si la kampuni yako, tupigie sisi mara moja, kwa sababu pesa zikishatolewa upande ule ni vigumu kuzirudisha. Na kama hukupata ujumbe wowote, angalia salio na taarifa ya akaunti yako kabla ya kurudia malipo.

Matapeli nao wanajua siku bila kazi inauma, na deni la siku hiyo bado liko. Mtu atakuambia anaweza kukufungulia pikipiki ukimtumia kitu kidogo kwa nambari yake binafsi, au atakuomba PIN. Hakuna pikipiki inayofunguliwa kwa PIN yako ya pesa.

Malipo yako sawa na bado haisongi? Angalia stendi ya pembeni. Pikipiki nyingi zina swichi inayokata mota stendi ikiwa chini, na matope yakiganda hapo, pikipiki hudhani stendi haijapanda. Isafishe. Halafu angalia taa ya breki. Ikiwaka na hujashika breki, swichi ya breki imekwama, na hiyo pia hukata nguvu. Vuta na uachilie mikono ya breki mara kadhaa. Skrini ikionyesha P, bonyeza kitufe cha kuegesha. Hiyo ni ya bure na inashangaza ni mara ngapi husahaulika.

Ikiwa hakuna hata taa moja, kagua plagi ya betri, hasa kama umetoka kubadilisha betri. Kisha tafuta swichi kuu, ambayo mara nyingi hukaa chini ya kiti. Ikiwa imejizima, iwashe mara moja tu. Ikijizima tena, iache hivyo, hapo sasa ni kazi ya fundi wa kampuni.

Betri kuisha haraka si lazima iwe betri mbovu. Tairi zenye upepo kidogo, breki inayoshika gurudumu, mzigo mzito na milima hula chaji. Pima upepo kwanza.

Kwa wanaochajia nyumbani, usiazime chaja ya jirani bila kusoma volti. Chaja ya volti 60 haiwezi kujaza betri ya volti 72, na ya volti 72 kwenye betri ya volti 60 ni hatari ya moto.

Na betri iliyovimba, inayonuka au inayopata joto isivyo kawaida, usiichaji hata kama kazi inakungoja. Ikiwa bado ni salama kuishika, iweke nje, mbali na nyumba, kisha upigie kampuni. Usikubali mtu aifungue mtaani.