Mashine ya kutazama mimba sasa yachungulia mapafu

Msomaji, ukitajiwa mashine ya altrasaundi, bila shaka fikira zako zitakimbilia kliniki ya akina mama waja wazito. Utamwona mama amelala chali, tumbo limepakwa jeli baridi, naye daktari akimwonyesha mwanawe kwenye kioo. Wachache miongoni mwetu wajua kwamba mashine iyo hiyo yaweza kusaidia kutambua ugonjwa wa mapafu unaowanyemelea watu wenye maradhi yaitwayo skleroderma.

Je, ni maradhi gani haya? Jina lenyewe latokana na Kigiriki, na maana yake ni ngozi ngumu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya magonjwa, hugeuka ikaushambulia mwili wenyewe. Mwili nao hutengeneza nyuzi za kovu kupita kiasi. Ngozi ya vidole hukakamaa, uso hukazika na kinywa kikapungua upana. Madhara yanapovuka ngozi na kuingia mapafuni, moyoni, katika figo na njia ya chakula, madaktari huyaita sistemiki sklerosisi.

Maradhi haya hayaambukizi, wala hayahusiani na laana au kurogwa. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na aghalabu huanza kati ya umri wa miaka 30 na 50, wakati mtu angali analea na kusomesha. Hata wenye majina makubwa hawakusazwa. Mchoraji mashuhuri Paul Klee, aliyefariki Uswisi mwaka wa 1940, yaaminika aliugua maradhi haya tangu 1935.

Mara nyingi dalili ya kwanza huwa vidoleni. Mtu akishika maji baridi, au asubuhi ya mwezi wa Julai jijini Nairobi, vidole hufa ganzi na kubadilika rangi. Hali hii iliandikwa na daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, mwaka wa 1862. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, tazama viganja na chini ya kucha, kwani huko ndiko rangi huonekana vyema. Lakini usipigwe na butwaa: wengi wenye tatizo hili la vidole hawana skleroderma.

Hatari kubwa imo mapafuni. Ugonjwa wa mapafu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wagonjwa hawa. Huanza kimya kimya, kisha huja kikohozi kikavu na kuhema mtu apandapo ngazi. Hapa kwetu ni rahisi kudhani ni kifua kikuu au pumu. Miezi ikapita, na huku makovu yanajijenga. Kovu likishakomaa ndani ya pafu halifutiki tena. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini pafu, ndugu msomaji, halijengwi upya.

Kipimo kinachotegemewa zaidi ni picha za siti-skani, pamoja na kupulizia mashine inayopima nguvu za mapafu. Hata hivyo, siti-skani ni ghali, haipatikani kila hospitali, na hutumia miale ya eksirei ambayo si vyema kumpiga mtu nayo mara kwa mara. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti tu, na mashine nyingine zabebeka mkononi.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba altrasaundi haifai kwa mapafu, kwa kuwa hewa huyarudisha mawimbi hayo badala ya kuyapitisha. Ajabu ni kwamba kizuizi hicho ndicho kilichogeuka kuwa msaada. Pafu zima, lililojaa hewa, huonyesha mistari ya kulala iliyopangana kama ngazi. Pafu lililoingia kovu au maji huonyesha mistari ya kusimama, inayoanzia kwenye utando wa pafu na kushuka hadi chini ya kioo mithili ya mkia wa kimondo. Ikionekana mitatu au zaidi kati ya mbavu mbili, daktari huanza kushuku. Kwa wenye makovu, utando wenyewe nao huonekana umekwaruzika.

Daktari Mfaransa, Daniel Lichtenstein, na wenzake walieleza maana ya mistari hii mwaka wa 1997. Mwaka wa 2009, watafiti wa Italia wakiongozwa na Luna Gargani walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa sistemiki sklerosisi, kadiri mistari inavyozidi ndivyo makovu yanavyozidi kwenye siti-skani.

Hata hivyo, altrasaundi si mganga wa kila kitu. Mistari hiyo hiyo huonekana kwa mwenye moyo dhaifu au nimonia. Haioni kovu lililojificha ndani kabisa ya pafu, na yahitaji mkono uliofunzwa. Kwa hivyo faida yake ni kuchuja: kumjua mapema anayestahili kuharakishwa kwenye siti-skani, na kumfuatilia baadaye.

Uharaka huo una maana, kwa sababu dawa zipo. Maikofenoleti hutuliza kinga ya mwili, na nintedanibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2019 kwa ugonjwa huu, hupunguza kasi ya makovu. Hazirudishi pafu lililokwisha kupotea, huokoa lililobaki.

Basi, msomaji, ikiwa vidole vya mama, dada au mwenzako hubadilika rangi kwa baridi, ngozi yake inakaza, na sasa ameanza kukohoa kikavu au kuhema, usimwambie ajifunike blanketi tu. Mpeleke kwa daktari, na mseme habari za vidole na za kifua pamoja. Ukitaja kikohozi peke yake, huenda vidole visitazamwe kamwe, na siku zinazopotea hivyo hulipwa kwa pumzi.