Kazi ya kochi wa mazoezi: misuli peke yake haitoshi

Katika miji ya mashariki mwa Congo, mazoezi ya mwili si jambo la wachezaji wa mpira peke yao tena. Mjini Goma na Bukavu, Jumapili asubuhi, vikundi vya wakaaji hukimbia barabarani huku wakiimba. Ndani ya mitaa, sale za mazoezi zinafunguliwa hata katika parseli ndogo, zingine zikitumia altere za saruji zilizotengenezwa na wenyewe. Hapo ndipo kazi mpya imepata nafasi: kochi wa binafsi, anayemsindikiza mtu mmoja mmoja, nyumbani kwake ao katika sale, ili apunguze uzito, apate nguvu ao ajiendeleze baada ya ugonjwa.

Kwa kijana aliyemaliza masomo na hajapata kazi, mlango huo unavutia, maana haudai mtaji mkubwa. Lakini mteja anayeita kochi mara nyingi si kijana mwenzake mwenye afya. Anaweza kuwa mama ao baba wa miaka 45 ambaye muganga amemwambia atembee kwa sababu ya tansiyo ao sukari. Kumpa mtu kama huyo mazoezi ya kijeshi siku ya kwanza ni kuchezea maisha yake.

Masomo gani?

Nchini Ufaransa, sheria inakataza kufundisha michezo kwa malipo bila diploma inayotambulika. Anayeivunja anaweza kufungwa mwaka 1 na kutozwa faini ya euro 15.000. Diploma inayojulikana sana kwa kazi hii huko inaitwa BPJEPS. Nchini Marekani, ACSM, shirika la wataalamu wa mazoezi lililoundwa mwaka 1954, linataka anayefanya mtihani wake wa kochi wa binafsi awe na miaka 18, diploma ya sekondari na cheti cha kuokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Hakuna anayepima unene wa mikono yake.

Nchini Congo, aliyesoma kinesiterapia, uuguzi ao ualimu wa mazoezi ya mwili tayari ana msingi mzuri. Aliyesoma mambo mengine anaweza kuanza na somo la mwili wa mtu: mifupa, viungo, misuli, moyo na mapafu. Vyeti vya kwenye intaneti vipo vingi, lakini kabla ya kulipa, kijana aulize ni nani anayekitambua cheti hicho, mtihani unafanywa kwa lugha gani, na kama kuna mazoezi ya vitendo. Cheti kinachopatikana kwa siku mbili bila mtihani ni karatasi tu.

Somo la pili ni huduma ya kwanza, ambayo Msalaba Mwekundu hufundisha. Mtu mzima akianguka, asipopumua kwa kawaida, kochi anapaswa kuita msaada na kuanza kubonyeza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa hutoa pumzi 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Pahali ambapo gari la wagonjwa linachelewa, ujuzi huo ndio unaoweza kumuokoa mteja.

Kuuliza kabla ya kuanza

Kochi aliyejitayarisha hafiki na altere siku ya kwanza. Anafika na kaye na kalamu. Anauliza: umewahi kuumwa na kifua unapopanda mlima? Unapata kizunguzungu ao kuzimia? Kuna dawa unazomeza kila siku? Umepasuliwa hivi karibuni? Kwa mwanamke: una mimba, ao umejifungua karibuni?

Kifaa cha kupima tansiyo ni cha lazima kuliko spika ya muziki. Kuanzia 140 kwa 90, vipimo vikijirudia siku mbalimbali, waganga huita hali hiyo tansiyo ya juu, na mteja anapaswa kumuona muganga. Mteja akifika 180 kwa 110, mazoezi yanaahirishwa. Mwenye sukari anahitaji viatu vizuri, kwani kidonda kidogo cha mguu kinaweza kuwa kikubwa, na kitu kitamu karibu ikiwa sukari itashuka ghafla.

Polepole ndiyo mwendo

Shirika la afya duniani, OMS, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linaomba mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kwa juma, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Dakika 30 za kutembea haraka, siku 5, zinatosha kufikia 150. Asiyezoea anaweza kuanza na dakika 10.

Kipimo rahisi kipo, hakihitaji saa ya bei: katika mazoezi ya kadiri, mteja anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Asipoweza kumaliza sentensi, kochi apunguze mwendo. Katika miteremko ya Bukavu, ao kwenye mawe ya volkano ya Goma, njia yenyewe ni mzigo tosha. Na mteja akisema kwamba baada ya mazoezi makali mkojo wake umekuwa mweusi kama kola, aende hospitali siku hiyo hiyo: misuli iliyoharibika inaweza kuua figo.

Mipaka ya kazi

Kochi si muganga, wala muuza dawa. Katika miji ya Congo, dexamethasone na cyproheptadine vinamezwa na watu wanaotaka kunenepa na kupata umbo. Dexamethasone ikitumiwa muda mrefu inapandisha tansiyo na sukari. Kochi anayeuza vidonge hivyo anaharibu kile anacholipwa kukijenga.

Heshima ni sehemu ya mafunzo vile vile. Kabla ya kumshika mteja ili kurekebisha mgongo ao mguu, kochi anaomba ruhusa. Wanawake wengi wanapenda kufundishwa na mwanamke mwenzao, na hapo wasichana wana nafasi yao.

Pesa nazo zina kanuni

Kabla ya kuanza, bei iandikwe: ni vipindi vingapi kwa mwezi, italipwa kwa dola ao franka, nani analipa moto, na kipindi kisichofanyika kinahesabiwa vipi. Kochi aandike kila anachopokea na kila anachotumia, na aulize ofisi husika kuhusu patanti kabla kazi haijakua.

Miezi michache pembeni ya kochi mwenye uzoefu, hata bila malipo makubwa, humfundisha kijana mengi ambayo video hazionyeshi. Atajifunza hasa neno gumu kuliko pompi 50: kumwambia mteja aliye na pesa mkononi kwamba leo hatafanya mazoezi, aende kwanza kwa muganga. Anayeweza kulisema neno hilo, ingawa pesa za siku hiyo zinampotea, yuko tayari kwa kazi.