Vita vya Mvua Hupiganwa Kiangazi

Katika nchi za baridi kali, makampuni yazoayo theluji huweka mitambo yao tayari kabla theluji haijaanguka. Hapa Juba adui wa barabara ni mvua, inyeshayo tangu Aprili hadi Oktoba. Kwa hiyo hapana budi tumkabili kiangazi. Greda huinua mgongo wa barabara ya udongo ili maji yateremke kando. Mitaro huzibuliwa, makaravati husafishwa. Barabara ya Nimule, kilomita 192, ilikamilishwa kwa lami mwaka 2012, lakini barabara zetu nyingi zingali za udongo. Maji yasipopewa njia hujichimbia yao, na lori la posho na gari la wagonjwa hukwama. Askari, mtaro ulio mbele ya kambi yako ni lindo lako: uzibue kabla wingu la kwanza halijatanda.