Ile namba ya fosforasi kwenye majibu ya udongo inatoka wapi?

Vijana wengi mnanitumia majibu ya maabara mkiuliza, "Fosforasi ni 8, ninunue DAP mifuko mingapi?" Kabla ya kutoa hela, tuangalie namba hiyo inavyopatikana.

Kwa njia ya Olsen, gramu 2.5 za udongo hutikiswa kwenye mililita 50 za maji yenye bikaboneti ya sodiamu, kisha huchujwa. Maji hayo yakitiwa kemikali yenye molibdeni, fosforasi iliyomo inayageuza kuwa ya bluu. Ikiwa nyingi, bluu inakolea, kama chai ya rangi iliyozidi majani: mwanga haupenyi vizuri.

Hapo ndo inaingia spektrofotomita. Inapitisha mwanga kwenye kichupa na kupima uliofyonzwa. Ufyonzaji ukiwa 1, mwanga uliopenya ni sehemu moja tu ya kumi. Kwa maji yasiyokolea sana, fosforasi ikiwa mara mbili, ufyonzaji nao unakuwa mara mbili.

Ila mashine haijui fosforasi yenyewe. Inalinganisha na vichupa ambavyo kiasi chake kinajulikana, tuseme miligramu 0, 0.2, 0.4, 0.6 na 0.8 kwa lita, vilivyosoma 0, 0.13, 0.26, 0.39 na 0.52. Ukivichora unapata mstari ulionyooka. Sampuli yako ikisoma 0.26, ina 0.4.

Bado hujamaliza. Kama mililita 5 za maji yaliyochujwa zilizimuliwa hadi 25 wakati wa kuweka rangi, zidisha kwa 5: unapata 2. Udongo nao ulitiwa kwenye maji mara 20 ya uzito wake, kwa hiyo 2 mara 20 ni miligramu 40 kwa kilo ya udongo. Ile mara 5 ikisahaulika, majibu yanasoma 8!

Kwa Olsen, chini ya 10 kwa kawaida huhesabiwa kidogo, na 40 inatosha mahindi. Shamba ni lilelile, lakini umeshanunua DAP ambayo udongo haukuihitaji.

Kwa hiyo uliza maabara mambo matatu:

1. Mmetumia njia gani? Viwango vya Olsen, Bray na Mehlich 3 havifanani.
2. Sampuli ilisoma ndani ya mstari? Ikipita kichupa cha mwisho, izimuliwe ipimwe upya.
3. Kila mlipozimua, mmezidisha?

Wakijibu vizuri, hapo sasa tuongee mifuko.