Peugeot kuukuu ya mzee: Ifufuliwe au iuzwe kwa kilo?

Si jambo geni kwa mtu anayepita katika vijiji vya Karurumo, Kaunti ya Embu, kuliona gari kuukuu limelala chini ya mparachichi au nyuma ya ghala la mahindi, magurudumu yamezama udongoni na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Aghalabu gari hilo huwa ni Peugeot, ama 404 ama 504. Mwenyewe ameshafariki, au umri haumruhusu tena kushika usukani. Mara kwa mara mnunuzi wa chuma chakavu hubisha langoni akiwa na mizani yake, na mara nyingi huondoka na mzigo.

Kabla mizani hiyo haijatundikwa, ni vyema familia ielewe kile inachokiuza, na ielewe pia kwamba huenda haina ruhusa ya kukiuza.

Tuanze na ndoto. Vijana wengi wanaopenda magari ya zamani huwazia yale ya Marekani: bodi ya wastani iliyotiwa injini kubwa ya silinda nane, mngurumo unaosikika kutoka ng'ambo ya bonde. Wanahistoria wengi wa magari huhesabu kuwa aina hiyo ilianza na Pontiac GTO ya mwaka 1964, iliyokuwa na injini ya lita 6.4 na nguvu za farasi 325 kwa hesabu ya wakati huo. Ni gari la kupendeza, lakini kulifikisha Karurumo ni muhali. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani sharti uwe upande wa kulia, isipokuwa kwa vibali maalumu. Gari la Detroit la miaka ya 1960 hushindwa katika masharti yote mawili hata kabla ya kushushwa melini Mombasa.

Isitoshe, magari hayo yaliwahi kujaribiwa katika barabara zetu. Mwaka uo huo wa 1964, kampuni ya Ford ilileta kundi la magari ya Mercury Comet yenye injini za silinda nane kushindana katika Safari Rally ya Afrika Mashariki. Yalikuwa na nguvu na yalikuwa na fedha nyuma yake, ila mawili tu ndiyo yaliyofika mwisho, tena mbali na nafasi za mbele. Mshindi alikuwa Peter Hughes, akiendesha Ford Cortina GT, gari dogo la Uingereza lililotoka katika kampuni iyo hiyo.

Waliobaki na heshima barabarani walikuwa Wafaransa. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963 mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika mwaka ambao magari saba pekee ndiyo yaliyomaliza mashindano. Ikashinda tena mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania, kisha mwaka 1968 ikarudi kwa Nowicki na Cliff, na safari hiyo pia waliomaliza walikuwa saba tu. Ove Andersson alishinda na 504 mwaka 1975, naye Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili mwaka 1978. Mbio hizo zilifanyika wakati wa Pasaka, majira ya mvua za masika, na wakazi wa Embu na Meru walizishuhudia kando ya barabara zao. Kwa mtoto wa enzi hizo, Pasaka ilikuwa na harufu mbili: ya chapati na ya petroli.

Hapana ajabu basi kwamba bei ya kahawa ilipopanda baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975, mkulima wa Embu au Meru aliyejikuta na fedha za ziada alizipeleka kwenye Peugeot. Pikapu ilibeba kahawa na watu, ile yenye safu tatu za viti ikafanya kazi ya teksi ya masafa marefu, na pikapu iliyofungwa kibanda nyuma, abiria wakikaa nyuso zikitazamana, ikawa matatu. Injini ya 504 yenye kabureta haikufikisha nguvu za farasi 100. Lakini springi zake zilikuwa na mwendo mrefu uliomeza mashimo, na sehemu zake zilielewana na fundi wa kawaida. Ndiyo sababu gari hili, lililozinduliwa mwaka 1968 na kusitishwa kiwandani Ufaransa mwaka 1983, liliendelea kuunganishwa nchini Kenya hadi karne mpya ilipoingia.

Hiyo ndiyo mali iliyolala chini ya mparachichi. Je, inafufulika?

Jibu la kwanza haliko katika injini, bali katika karatasi. Ikiwa kitabu cha gari kimeandikwa jina la marehemu, gari hilo ni sehemu ya mirathi, na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haimruhusu yeyote kuishika mali ya marehemu bila mamlaka ya mahakama. Kifungu cha 45 kinalitaja hilo kuwa kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi Sh10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mjukuu anayeng'oa injini usiku, na mwana anayeliuza gari kwa kilo wakati ndugu zake wako mjini, wote wamo hatarini. Njia iliyonyooka huanza kwa barua ya chifu, kisha ombi la usimamizi wa mirathi mahakamani (Runyenjes ina mahakama, wala hapana haja ya kwenda mbali), na mwishowe msimamizi huhamisha umiliki kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA. Ni mwendo wa pole na unaochosha. Lakini mtu anayetumia akiba yake kufufua gari ambalo si lake kisheria huwa anawatengenezea ndugu zake gari, na nimeona familia ambazo undugu ulikatika kwa sababu hiyo hiyo.

Mnunuzi wa chuma naye ana sheria yake. Tangu mwaka 2015, biashara hiyo huhitaji leseni, na mwezi Januari 2022 serikali iliipiga marufuku kwa miezi kadhaa baada ya uharibifu wa nguzo na nyaya za umeme. Muuzaji asiyeweza kuonyesha umiliki humpa mnunuzi sababu nzuri ya kupunguza bei.

Karatasi zikishakamilika, lichunguzwe bodi kabla ya injini. Saluni ya 504 haina chasisi ya kando. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Chukua bisibisi, inua zulia, ugongegonge sakafu, kingo zilizo chini ya milango na mahali ambapo shokomzoba za mbele hushikilia juu. Chuma kikitoa sauti kavu, shukuru. Bisibisi ikipenya, kata hadi ufikie chuma kizima na uchomelee bamba jipya. Nisingependa kuwalaumu mafundi wetu wa rangi, lakini desturi ya kuziba kutu kwa lipu na kupaka rangi inayong'aa imewaibia wengi. Rangi hununuliwa mwisho.

Injini ni habari njema zaidi. Tofauti na injini nyingi, silinda za Peugeot hizi ni mikebe inayochomoka, ambayo mafundi huiita laina, nayo huzungukwa na maji moja kwa moja. Zikichakaa, laina na pistoni hubadilishwa kwa pamoja bila kupeleka bloku yote kuchongwa. Kazi hiyo hufanyika vizuri katika karakana ya jua kali, mradi fundi apime kimo ambacho laina inachomoza juu ya bloku. Asipopima, gasketi haibani sawasawa na maji huvuja hadi kwenye oili. Utalijua hilo ukiona oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kichwa cha injini ni cha alumini, na adui wake ni joto na maji ya mto. Maji matupu huila alumini polepole. Joto likizidi, kichwa hupinda na lazima kisawazishwe kwa mashine. Rejeta isafishwe au ifumuliwe, itiwe dawa ya kuzuia kutu, na mipira yote ya maji ibadilishwe hata kama inaonekana mizima.

Kosa kubwa zaidi hutokea siku ya kwanza. Gari limelala miaka 15, kijana ameazima betri, na majirani wamekusanyika kusikia likinguruma. Lisiwashwe. Toa plagi, mimina oili kidogo katika kila silinda, liache siku mbili, kisha uzungushe injini kwa mkono. Mwaga petroli ya zamani, safisha tangi na kabureta. Breki zisiaminiwe kabisa: mipira yake ya ndani hukauka na kupasuka, na mteremko wa kuelekea mto Thuci si mahali pa kuligundua hilo.

Mwenye 404 azingatie jambo moja zaidi. Ekseli yake ya nyuma hutumia gia ya mfano wa skrubu, iliyobuniwa kwa mafuta yenye asili ya mbarika. Mafuta hayo hayapatani na ya kawaida. Yakichanganywa huganda kama gundi. Aoshe kwanza, ndipo amimine.

Vipuri bado hupatikana ukiwa na subira. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi huijua kama Grogan, ndiyo mahali pa kuanzia, na mara nyingi gari la pili lililooza bodi hununuliwa ili litoe milango, vioo na taa. Kila kinachotolewa kiwekwe kwenye mfuko na kuandikwa jina lake. Kipuri cha zamani kisitupwe mpaka kipya kimefungwa na kufanya kazi, kwani kipya kilichoagizwa mara nyingine hufanana tu.

Anayetaka kujua kiwango cha juu cha kazi hii aende Nairobi kuyatazama mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970 na ambayo huandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo. Huko majaji hutazama hata uvungu wa gari.

Kwa mkazi wa Karurumo, mtihani wenyewe ni mdogo na mgumu zaidi: kwenda Embu mjini na kurudi siku ya soko bila kufungua boneti. Injini iliyotiwa laina mpya isikimbizwe katika kilomita 1,000 za kwanza, kisha oili ibadilishwe. Kuhusu nambari, wamiliki wengi huwa na wasiwasi kwamba vibao vya kisasa vilivyozinduliwa mwaka 2022 vitafuta herufi tatu na tarakimu tatu za zamani, zilizotangulia mfululizo wa KAA ulioanza mwaka 1989. Kibao ndicho kinachobadilika. Nambari aliyosajili mzee hubaki ile ile.