Waya, Kebo na Kategoria: Istilahi za Mtandao wa Nyumbani

Madhumuni ya makala haya ni kufafanua maneno machache ambayo hutumiwa kiholela katika hati za ununuzi na vitabu vya mafunzo, nayo ni yale yahusuyo kebo za kuunganishia kompyuta na vyombo vingine vya mawasiliano nyumbani. Huenda msomaji akadhani kwamba hilo ni suala la mafundi peke yao. Lakini kebo ikishafukiwa ukutani na lipu kupigwa juu yake, kosa la neno moja husahihishwa kwa nyundo na tindo.

Mwalimu mmoja aliyekuwa akijenga nyumba alituonyesha orodha ya mahitaji aliyotafsiriwa: "waya wa intaneti, aina ya 6, mita 100." Alinunua koili moja ya bei nafuu. Baada ya kuhamia, kamera ya langoni, iliyokuwa ikipata umeme kwa njia ya kebo hiyo hiyo, ikawa inazimika mara kwa mara. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba nyaya zake ni za alumini iliyopakwa shaba. Orodha haikutaja madini yoyote. Kwa hiyo mwalimu hakuwa na neno la kumshika nalo muuzaji.

1. Ethaneti

Neno hili si jina la waya, bali ni jina la utaratibu wa kupeleka habari kati ya vyombo. Utaratibu huo ulibuniwa mwaka 1973 katika kituo cha utafiti cha Xerox, jimbo la California, na Robert Metcalfe pamoja na David Boggs. Jina lilitokana na etha, kitu ambacho wanasayansi wa karne ya 19 walidhani kimeenea kila mahali na kuchukua nuru. Hapo mwanzo ethaneti ilipita katika kebo moja nene. Siku hizi hupita katika shaba na hata katika nyuzi za kioo. Kwa sababu hiyo, kusema "kebo ya ethaneti" bila nyongeza hakutoshi.

2. Waya, jozi na kebo

Tunapendekeza maneno haya yatofautishwe. Waya ni uzi wa madini wenye kuvikwa plastiki. Nyaya mbili zilizosokotwa pamoja ni jozi. Jozi nne, yaani nyaya nane, zikiwekwa ndani ya ganda moja, ndizo kebo inayozungumzwa hapa. Msokoto huo si pambo: ndio unaopunguza mwingiliano wa mawimbi baina ya jozi na jozi, na usumbufu utokao nje.

Baadhi ya wafasiri wameandika "jozi zilizosukwa." Hilo si sahihi. Mswahili husokota kamba, lakini husuka ukili na nywele. Tena kitenzi kusuka kina kazi yake hapa hapa, kwani zipo kebo ambazo jozi zake hufunikwa kwa kinga ya nyuzi za madini zilizosukwa. Tukiyachanganya maneno haya mawili, tutakosa la kuieleza kinga hiyo.

3. Kategoria na daraja

Wengi hutafsiri maandishi "Cat" yaliyopigwa chapa juu ya ganda kwa neno aina, au daraja. Aina ni neno pana mno, kwani kebo yenye kinga na isiyo na kinga nazo ni aina. Daraja nalo lina mahali pake: viwango vya kimataifa hutofautisha kategoria, ambayo ni sifa ya kifaa kimoja kama kebo au soketi, na daraja, ambalo ni sifa ya njia nzima ikishaunganishwa. Kebo ya kategoria ya 6 ikifungwa kwenye soketi hafifu haiwezi kutoa njia ya daraja linalolingana nayo.

Kategoria zinazomhusu mwenye nyumba ni hizi:

(a) Kategoria ya 5e hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Kwa nyumba nyingi hiyo yatosha.

(b) Kategoria ya 6 hufanya vivyo hivyo, na zaidi ya hayo hupitisha gigabiti 10 katika umbali usiozidi mita 55, hali ikiwa nzuri. Yafaa kwa nyumba mpya.

(c) Kategoria ya 6A hupitisha gigabiti 10 hadi mita 100, lakini ni nene na ngumu kukunja.

(d) Kategoria ya 8 imekusudiwa vyumba vya mitambo, kwa umbali wa mita 30 tu.

Ieleweke kwamba tarakimu kubwa haiongezi kasi ya huduma inayoingia nyumbani. Kasi hufuata kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote.

4. Sifa za lazima

Waya wa uzi mmoja hutumika ndani ya ukuta, kwa urefu usiozidi mita 90. Waya wa nyuzi nyingi, ambao hukunjika kwa urahisi, hutumika kutoka kwenye soketi hadi kwenye kompyuta. Madini yawe shaba halisi, kwani alumini iliyopakwa shaba huzuia umeme zaidi, hupata joto zaidi na hukatika upesi. Nayo haikubaliwi na viwango vya kebo hizi. Kinga haihitajiki katika nyumba ya kawaida. Na ikiwekwa, sharti iunganishwe na ardhi ipasavyo.

Hivyo basi, orodha ya yule mwalimu ingalipaswa kusomeka hivi: "kebo ya ethaneti, jozi 4 zilizosokotwa, kategoria ya 6, waya wa uzi mmoja, shaba halisi, isiyo na kinga, mita 100." Maneno yameongezeka, lakini kila moja linaziba mwanya mmoja. Tunawaomba wafasiri, walimu na maofisa ununuzi wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na watuletee maoni yao kabla hayajasanifiwa.