Mzazi na Mtoto Mtu Mzima (3): Rungwe Walipolala Mbalimbali

Juma lililopita tulimwacha mama anayelala na ufunguo wa stoo chini ya mto, maana kijana wake, ndevu zimejaa kidevuni, huuza hata mahindi ya mbegu. Watu humwambia, "Vumilia, damu yako hiyo." Mimi nasema kwamba hapa Rungwe uvumilivu wa namna hiyo ni jambo la juzijuzi.

Kati ya mwaka 1934 na 1938, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kwa Wanyakyusa wa hapa Rungwe, na kitabu cha Monica, Good Company, kilichotoka mwaka 1951, kinaeleza kwa kirefu vijiji vya rika. Mvulana akifika miaka 10 au 11 hivi aliacha kulala kwa baba yake, akaenda kujenga na wenzake kando ya kijiji cha wazazi. Mwanzoni vilikuwa vibanda vya kitoto. Baadaye walioa humohumo, kijiji kikawa kijiji kweli. Wazee walisema ni suala la heshima: kijana asisikie ya chumbani kwa wazazi, na mke wa mwana asikutane ana kwa ana na baba mkwe.

Lakini tazama kilichobaki. Kijana alilala kwake, ila alikula kwa mama, tena akija na kundi la marafiki, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Shamba la baba aliendelea kulilima. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa baba, hivyo alikuwa na sababu ya kumsikiliza. Na mzee naye alibanwa. Wana wa malafyale, yaani chifu, walipokomaa ilifanyika ubusoka, sherehe ya kukabidhi nchi. Kizazi cha baba kikasogea kando, vijana wakapata ardhi na madaraka. Hili tunapenda kulisahau tunapolalamika kuwa vijana hawaondoki nyumbani.

Mfumo huo ulikwama kwenye ardhi. Watu waliongezeka, na kahawa na migomba haihami. Vijana wakaenda machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Zambia ya leo, wakarudi na fedha zao wenyewe. Siku hizi kijana wa Tukuyu akijaliwa kujenga, hujenga hatua chache tu kutoka jikoni kwa mama yake. Mpaka uliokuwa ukiwekwa na kijiji kizima, sasa mzazi anauweka peke yake.

Auwekeje? Aanzie pale pesa inapopita. Dalali wa parachichi huingia shambani matunda yangali machanga, na yuko tayari kumlipa yeyote anayejiita mwenye mji. Basi dalali na mwenyekiti wa kitongoji waambiwe mapema, kijana mwenyewe akiwepo, kuwa shamba hilo lina msemaji mmoja. Malipo ya majani ya chai yaingie kwenye simu ambayo namba yake ya siri anaijua mzazi tu. Chakula asimnyime. Sahani ya ndizi haijamfilisi mtu. Kumdhamini kwa wakopeshaji kumewafilisi wengi.

Kijana akidai kutunzwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18. Mwenye miaka 30 hana pa kushika hapo.

Kumnyima urithi ni habari nyingine. Kanuni za wosia za sheria ya mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamruhusu mzazi kufanya hivyo kwa sababu nzito, kama mtoto kumshambulia mzazi au kumtelekeza katika njaa au ugonjwa. Hata hivyo sababu lazima itajwe wazi kwenye wosia, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea. Maneno ya hasira yaliyotamkwa uani mbele ya majirani si wosia.

Juma lijalo: kijana ameondoka, lakini amemwachia bibi watoto wawili.